Somo la Kubeba katika Nchi ya Sitirini

Niliyoyaona Sitirini nitayasema kama nilivyoyaona, na anayedhani naongeza chumvi aende mwenyewe akajionee, njia ipo. Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kazi ile imeniachia tabia moja ambayo mke wangu haipendi na mimi siwezi kuiacha. Nikiingia mahali, nauliza. Nauliza kwa nini dirisha limepigiliwa misumari, kwa nini mtoto yule amekaa peke yake, kwa nini hiki kipo na kile hakipo. Mtu wa namna hiyo akienda Sitirini anajitakia balaa mwenyewe.

Watu wa nchi ile ni wapole, wasafi, wakarimu kupita kiasi. Wana jambo lao moja tu: kutaja bei ya matibabu mbele ya mgonjwa, kwao ni tusi. Si utani, ni tusi la nguoni kabisa, na lina sheria yake. Mimi sikulijua. Siku niliyofika goti langu lilikuwa limevimba, nikapelekwa Nyumba ya Nafuu, ndiyo hospitali yao kuu. Mwanafunzi mmoja wa udaktari akanipima goti, kisha masikio, kisha mate, kisha nyayo za miguu yote miwili. Nikamuuliza tu kwa upole, "Mwanangu, na haya yote yatanigharimu nini?" Lo! Mama mmoja kwenye foleni alimziba mwanawe masikio. Yule kijana alishikwa na haya hadi akaangusha kipimajoto. Bwana mmoja mnene, aliyevaa kanzu ya kijivu, akaja mbio akanishika mkono.

"Mgeni," alininong'oneza, "hapa kuna watoto."

Bwana huyo cheo chake ni Msitiri, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba bei haitamkwi popote ndani ya Nyumba ya Nafuu. Alinipeleka kando akanieleza mambo, huku akitumia maneno ya mafumbo kama mzazi anayemweleza kijana habari za ndoa. Bei haitajwi, lakini inalipwa. Dawa hazina malipo, na kisu cha upasuaji hakina malipo. Vipimo ndivyo vyenye njaa. Kipimo kidogo huchukua kitu kidogo nyumbani kwa mgonjwa: sahani, kuku, blanketi. Kipimo kikubwa kuliko vyote, mashine wanayoiita Jicho Kuu, inayomtazama mtu ndani kuanzia utosini hadi kisiginoni, huchukua kitu kizito kimoja. Mgonjwa akiwa bado amelazwa, watu waitwao Wachukuaji huenda kwake, na kwa kuwa nao wana migongo kama sisi, hawajisumbui kuingia ndani sana. Huchukua kilicho karibu na mlango. Majirani hugeuza nyuso upande wa pili, kwa adabu. Mgonjwa akirudi hukuta pengo, naye hasemi kitu, na daktari aliyeandika kipimo hajui kilichoondoka.

"Na wewe unaona ni sawa?" niliuliza.

"Ni stara," alisema Msitiri, na alionekana kuniona mtu wa ajabu sana.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa shule, niliomba kuona jinsi wanavyowafundisha madaktari wao. Walinikubalia mara moja. Sifa ya ukarimu wao ni ya kweli. Nikaingia darasani kwa Daktari Mkuu Shamte, mzee mrefu mwenye sauti laini, ambaye aliwapenda wanafunzi wake na wao walimpenda. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani namsimulia mtu mbaya. Siku ile aliwauliza swali: "Amekuja mtu ana kikohozi kilichoanza jana. Utampima nini?"

Kijana wa mbele akasimama akataja damu, mkojo, mate, nywele, kucha, kisogo, unyayo, na Jicho Kuu mara mbili, kwa kwenda na kwa kurudi. Mlolongo huo wote kwao una jina, unaitwa Msafara. Alipokatika pumzi darasa lilimpigia makofi. Kisha akasimama msichana mmoja aliyekuwa mwaka wa mwisho, jina lake Sikudhani, mwembamba, mwenye kusema polepole.

"Mimi ningemuuliza kwanza kama jikoni kwake kuna moshi."

Darasa likacheka. Shamte hakucheka. "Na huo moshi," alimuuliza, "unapimwa kwa kipimo gani?"

"Haupimwi, Mwalimu. Unaulizwa."

"Kaa chini, binti."

Baada ya somo nilimfuata ofisini. Nilimwambia waziwazi kwamba jibu la yule binti ndilo lililokuwa jibu. Alinimiminia kahawa kabla ya kunijibu. "Mgeni wangu," alisema, "nimekaa katika baraza la Nyumba ya Nafuu miaka mingi. Nimeona madaktari wakiitwa kujibu kwa nini hukupima. Sijaona hata mmoja akiitwa kujibu kwa nini ulipima. Wewe ungekuwa mimi, ungewafundisha nini?" Swali hilo liliniudhi kutwa nzima.

Sasa, mabadiliko yalipokuja Sitirini hayakuletwa na huruma. Yaliletwa na ghala. Nyumba ya Nafuu ilikuwa na maghala nyuma yake, yamejaa vitanda, mikeka, milango, viti vya uvivu, mashine za kukoboa, hadi mtumbwi mmoja ambao hakuna aliyekumbuka ulikuwa karibu na mlango wa nani. Mahali pa kuweka pakaisha. Baraza likakaa kujadili. Wajumbe wengi walitaka ghala kubwa zaidi, na ubishi ulikuwa juu ya rangi ya bati. Hapo ndipo mwalimu mmoja wa kike aitwaye Kidawa, mtu mfupi, mwenye maneno makali na kicheko cha haraka, aliposimama akasema yeye ana njia isiyohitaji bati. Wampe wanafunzi wa mwaka wa mwisho tu. Kila mwanafunzi atakayeandika kipimo, aende mwenyewe nyumbani kwa mgonjwa, akabebe mwenyewe kilichochukuliwa.

"Hatataja bei?" aliuliza Msitiri kwa wasiwasi.

"Hatataja. Ataibeba."

Wakamkubalia, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko ghala. Likaitwa Somo la Kubeba, nami Kidawa aliniruhusu niambatane nao.

Mzigo wa kwanza wa Sikudhani ulikuwa kitanda. Alikuwa amemwandikia Jicho Kuu, kama alivyofundishwa, mzee mmoja aitwaye Kibwe, aliyekuja analalamika mgongo, mgongo wa kawaida wa mtu aliyelima maisha yake yote. Jicho Kuu lilimtazama likaona mgongo wa mtu aliyelima maisha yake yote. Tukaenda kwake. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, na katika chumba kimoja kila kitu kiko karibu na mlango. Mzee Kibwe alisimama ukutani, ameshika kiuno, akatutazama tukifungua kamba za kitanda chake. Sikudhani alibeba upande wa kichwani. Alipofika njiani alianza kulia, akalia hadi ghalani, na hakuwa na mkono wa kujifutia.

"Amekuja kwangu anaumwa mgongo," alimwambia Kidawa, "nami nimemlaza chini!"

"Basi umejifunza," alisema Kidawa.

Baada ya siku chache Sikudhani alirudi kumjulia hali mzee, kwa hiari yake, nami nikaenda naye. Mlango ulikuwa wazi. Mzee Kibwe alikuwa amelala juu ya mkeka, na alipoona joho jeupe la udaktari alijizoazoa, akajivuta pembeni huku akigugumia kwa maumivu, akaanza kuukunja mkeka.

"Shikamoo, babu. Lala tu, babu, unafanya nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nakukunjia," alisema mzee. "Usihangaike kuinama, wewe bado mtoto."

Sikudhani alitoka nje, akashika ukuta. Wallahi, mimi nimekagua shule zilizoezuliwa mapaa, nimeona watoto wakisoma mvuani, lakini sikuwahi kujisikia vibaya kama nilivyojisikia pale. Siku hiyo aliniapia kwamba hataandika Jicho Kuu tena kwa mtu yeyote yule. Nilimwona ana haki. Nilimwambia hivyo.

Na si yeye peke yake. Darasa zima la Kidawa lilikuwa limebeba vitu, na darasa zima likaanza kuogopa. Aliyekuwa anataja Msafara hadi pumzi zinakatika sasa alimtazama mgonjwa, akamshika mkono, akamwambia, "Nenda ukapumzike, unywe maji." Ghala likapata nafasi. Baraza lilifurahi mno, na baraza likifurahi halikai kimya. Wakatunga tuzo: mwanafunzi aliyebeba mizigo michache kuliko wenzake atafungwa kitambaa cheupe begani, na mwenye kitambaa cheupe mwisho wa mwaka ndiye atakayepewa joho refu la daktari kamili kabla ya wote. Daktari Mkuu Shamte, aliyekuwa akiwapigia makofi wenye majibu marefu, sasa aliwapigia makofi wenye majibu mafupi. Sikuona dalili kwamba alihisi tofauti yoyote.

Asubuhi moja akaja mwanamke aitwaye Mwanakombo, fundi cherehani, mtu wa makamo, ameshikwa mkono na wifi yake Nunu. Kichwa kinamuuma. Sikudhani alimwuliza kama amelala vizuri, akasema hapana. Alimwuliza kama anafanya kazi sana, akasema sana. Basi. Hakuuliza zaidi. Nilikuwa nimekaa benchi la ukutani, na nililiona kabisa jicho la yule binti likiondoka kwa mgonjwa likaenda kwenye sindano zilizochomekwa kifuani mwa gauni lake. Alijua palipo na sindano pana cherehani, na cherehani huwekwa mlangoni, kwenye mwanga.

"Nenda ukapumzike, mama," alisema. "Unywe maji mengi."

Mchana ule ule walimfunga kitambaa cheupe. Palikuwa na ngoma na sharubati. Mimi sipendi sherehe, nikatoka nje kupunga upepo, na kwenye kivuli cha ukuta wa lango nikamkuta Mwanakombo. Hakuwa amefika mbali. Alikuwa ametapika, amefumba macho, ameegemea mapaja ya Nunu, na Nunu alikuwa anamlaumu kwa sauti, kama watu wanavyofanya wakiogopa.

"Nilikwambia usishone usiku! Nilikwambia!"

"Ni kushona tu?" nilimwuliza. Nilishasema, mimi ni mtu wa kuuliza.

"Kushona, baba, na ubishi wake. Juzi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, mara akapiga kelele. Anasema kama amepigwa rungu la kisogo. Tangu hapo shingo haigeuki, na hebu mtazame jicho hilo, kope imeanguka, nikamwambia unasinzia?"

Mimi si daktari, lakini maneno hayo yalinishtua. Nikarudi ndani, nikapita katikati ya ngoma, nikamweleza Kidawa mbele ya Sikudhani neno kwa neno. Ngoma ilikuwa inaendelea kupigwa. Uso wa Sikudhani ulibadilika nikamwona akihesabu nyuma yale maswali ambayo hakuyauliza.

"Ulimtibu nani asubuhi?" Kidawa alimwuliza. "Yeye, au yule mzee wa kitanda?"

Sikudhani alifungua kile kitambaa akakiweka mezani, kati ya bilauri za sharubati. Kidawa naye akasema jambo ambalo lilinifanya nimheshimu tangu siku ile. "Na mimi nimekosa. Nimewafundisha uzito wa kupima. Uzito wa kutopima sikuwafundisha, kwa sababu huo haubebeki mpaka ghalani."

Tulipotoka langoni Nunu alikuwa ameshapata mkokoteni na kumpeleka mgonjwa nyumbani. Tukawafuata. Njiani Kidawa alimwambia Sikudhani kwamba akifika aandike Jicho Kuu haraka, mengine yatajulikana baadaye. Cherehani wataibeba pamoja. Ulikuwa ushauri mzuri wa mtu mwenye hofu. Sikudhani alitembea tu.

Cherehani ilikuwa pale pale, hatua moja kutoka mlangoni, na nguo ya mtu chini ya sindano yake. Mwanakombo alikuwa amelazwa kwenye kochi. Sikudhani alipiga magoti, na safari hii aliuliza. Aliuliza kichwa kilianzaje, kwa ghafla au polepole. Aliuliza kutapika, akaijaribu shingo, akaifunua ile kope kwa kidole, akamulika. Aliuliza kama kuna mtu kwao aliwahi kufa ghafla akishika kichwa, na Nunu akasema mama mkubwa wa Mwanakombo alianguka kisimani. Baada ya hapo Sikudhani alikaa chini sakafuni, kama mtu aliyechoka. Kisha akasema.

"Mama, nisikilize. Nadhani kuna mshipa unavuja ndani ya kichwa chako. Ukipasuka tena utakufa, huenda leo, huenda kesho. Kipimo cha kuuona ni kimoja tu, Jicho Kuu. Vingine vyote watakavyotaka kukupima huvihitaji, na nitasema hivyo. Lakini hicho kimoja kinachukua kitu kizito. Wachukuaji huchukua kilicho mlangoni. Watachukua cherehani."

Nunu aliruka. "Astaghfirullah! Unamtajia mgonjwa!" Akakimbilia kufunga dirisha, majirani wasisikie. Hata Kidawa, pamoja na ujasiri wake wote, nilimwona ameshika shavu. Ilikuwa imetamkwa. Mimi nilimtazama Mwanakombo, nikiogopa kwamba yule mama atageuka ukutani akakataa, na tutakuwa tumemuua kwa ukweli wetu.

Mwanakombo alifumbua jicho lake moja lililokuwa zima.

"Sheria inasema cherehani?" aliuliza. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Inasema kitu kizito kimoja."

"Haikusema cha mlangoni."

"Haikusema, mama. Ni uvivu tu wa Wachukuaji."

"Basi chukueni kabati."

Nikageuka. Ndani kabisa, gizani, lilikuwepo kabati la vioo, refu kufika darini, limejaa vikombe vya maua, visahani vya dhahabu pembeni, na birika ambalo kwa macho tu ulijua halijawahi kuonja chai. Nyumba nyingi zina kabati hilo. Hata sisi tunalo.

"Kabati la mama?" Nunu alipiga ukelele. "Wewe! Lile la harusi? Wageni wakija waone nini?"

"Waone mimi niko hai," alisema Mwanakombo. "Nunu, tangu tumelipata hatujawahi kunywea hata kikombe kimoja. Na wewe hukuniruhusu. Nikipona nikiwa na cherehani nitakula. Nikipona nikiwa na vikombe nitakula nini?" Akavuta pumzi, maana maneno yalikuwa yanamuumiza. "Mbona hakuna mtu aliyewahi kuniuliza? Walipomlaza mume wangu, wangeniuliza ningewapa kabati, wasingechukua mlango. Tulilala bila mlango mvua nzima."

Tulimbeba kwenye mkokoteni, na Jicho Kuu likamtazama jioni ile ile. Mshipa ulikuwa unavuja, pale pale alipodhani binti. Wapasuaji wa Sitirini ni hodari, siwanyimi haki yao, waliuziba. Wakati anapasuliwa, mimi, Kidawa na Sikudhani tulikuwa tunalitoa lile kabati kwa ubavu, Nunu akitusindikiza na kilio huku akituelekeza tusigonge kioo. Lilikuwa zito kweli kweli. Nililaani kila birika lililokuwa ndani.

Nilidhani mambo yamekwisha salama. Kumbe Nunu alipofunga dirisha jirani alishasikia. Sikudhani akaitwa barazani kwa kosa la kutamka bei mbele ya mgonjwa, nyumbani kwa mgonjwa, na kumpa achague. Adhabu ya kosa hilo kwa mwanafunzi ni kunyimwa joho refu, na asiye na joho refu hatibu mtu Sitirini. Miaka yake yote ya kusoma ilikuwa juu ya meza ile.

Shamte ndiye aliyeshitaki, na nitasema ukweli, alisema vizuri. "Mgonjwa amelala, kichwa kinampasuka, nawe unampa hesabu ya kufanya? Huo ni ukatili. Akijua kinachoondoka ataogopa. Akiogopa atakataa. Sisi tumeificha bei ili asiogope."

"Anaijua, Mheshimiwa," alisema Sikudhani. "Kila mtu mjini anaijua. Amelala mahali palipokuwa na kitanda. Ni sisi tu tusioijua."

Msitiri aliomba watoto watolewe ukumbini, ingawa hapakuwa na watoto. Mwanakombo alikuja kichwa kimefungwa bandeji, ameegemea bega la wifi yake, akasema maneno machache tu: "Mnaona haya kwa niaba yangu. Sikuwatuma." Wajumbe walitazama mezani. Ndipo mmoja wao akakumbuka kwamba kuna mgeni ukumbini, akaniuliza kwetu mambo yakoje, kama nasi tunaisitiri bei.

"Kwetu inatajwa," nilisema kwa fahari kidogo. "Inatajwa dirishani, kabla mlango haujafunguliwa."

"Anaitaja daktari?"

"Hapana. Daktari yuko ndani. Wengi wao hawaijui."

"Na mgonjwa akishaisikia, huchagua?"

"Huchagua kurudi nyumbani," nilisema.

Wajumbe walinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma. Nilikaa chini nikiwa nimekasirika, sijui kama niliwakasirikia wao.

Hukumu ilitoka kabla ya chakula cha mchana. Somo la Kubeba liendelee, kwa kuwa ghala limepata nafasi, ila lifanyike darasani, na wanafunzi wabebe mchoro wa kitanda. Kuhusu Sikudhani, kwa kuwa mgonjwa amepona, hatafukuzwa. Na kwa kuwa tusi ni tusi, hatapewa joho. Atakaa nje ya lango la Nyumba ya Nafuu, juu ya kiti kiitwacho Kiti cha Aibu, hadi baraza liridhike kwamba ameona haya. Mtu yeyote anayependa kusikia maneno machafu amfuate pale. Kidawa alipiga meza kwa kiganja akatoka bila ruhusa. Sikudhani aliuliza kitu kimoja tu, kama kiti kina kivuli. Kilikuwa hakina.

Siku ya kwanza watu walipita wakageuza nyuso, kwa adabu. Siku ya pili mama mmoja alisimama mbali, akajifanya anafunga kiatu, akauliza bila kumtazama: mwanawe ameandikiwa kipimo cha unyayo kwa sababu ya mafua, wanachukua nini, na kuna haja? Sikudhani alimwuliza juu ya mafua. Akamwambia wanachukua blanketi, na hakuna haja, na kwamba mtoto mwenye mafua analihitaji blanketi. Mama alikwenda haraka kama mtu aliyeiba. Kabla ya wiki kwisha palikuwa na foleni mbili, moja ya kuingia langoni na moja ya Kiti cha Aibu, na hii ya pili ilikuwa ndefu na yenye makelele, maana watu wakishaanza kusema waliyoyanyamazia hawanyamazi upesi. Si kila mtu aliambiwa asipime. Nilimsikia akimfokea baba mmoja aliyetaka kumwokoa mbuzi wake: "Nenda ndani sasa hivi ukapimwe damu, mbuzi utapata mwingine!" Kidawa alileta mwavuli na wanafunzi wake, akawapanga nyuma ya kiti wasikilize. Msitiri alikuja kuandika majina, foleni ikamcheka, akaondoka.

Siku ya kuondoka kwangu nilikwenda kumuaga. Ulikuwa wakati wa chakula, foleni imepungua. Mbele yake alikuwa amesimama mtu mrefu aliyejifunika shuka kichwani katika jua lile la mchana, na mimi nilimjua kwa mabega kabla hajafungua mdomo.

"Ni dada yangu," alisema ile sauti laini. "Anakaa upande wa pili wa mji. Anaumwa kiuno. Ameandikiwa Jicho Kuu, na mlangoni kwake kuna…" Akanyamaza, akalitafuta neno. "Nataka kujua watachukua nini. Na kama kuna haja."

"Nani ameandika?" aliuliza Sikudhani.

Yule mzee alitazama lango, kisha akatazama chini.

"Mimi," alisema Shamte.

Sikudhani alisimama, akampisha kiti kivulini. "Kaa, Mwalimu," alimwambia. "Nieleze, kiuno kilianzaje?"